Riakta ya kalsiamu kwa tangi la matumbawe la lita 450: nianzie wapi?

Tumbawe_Langata

Wadau, salamu. Tangi la maji chumvi, lita 450 ukijumlisha sampu (tangi dogo la chini lenye vifaa), limejaa matumbawe magumu: akropora, montipora na stailofora. Kutilia kalsiamu na alkali kwa mkono kila siku hakufai tena, nataka kuhamia kwenye riakta, chumba ambamo gesi ya CO2 huyeyusha kokoto za chokaa na maji yake kurudi tangini.

Vipimo vya leo saa mbili usiku: chumvi 1.026, joto 25.5, dKH (kipimo cha alkali) 8.0, na kwa ppm (miligramu kwa lita) kalsiamu 390, magnesiamu 1,280, fosfeti 0.05. Bila kutilia chochote kwa siku mbili, dKH inashuka 1.5 kwa siku, ikipimwa saa ile ile. pH ni 8.1 jioni na 7.8 alfajiri.

Vilivyopo: riakta ya chumba kimoja inayobeba kilo 4 za kokoto, pampu ya peristaltiki (inayosukuma maji kwa kukamua mrija) ya kufanya kazi mfululizo, na kidhibiti cha pH chenye proubu (kijiti cha kupimia). Silinda ya CO2 na regulata (kipunguza shinikizo la gesi) bado. Naomba mpangilio kamili, ushauri wa gesi hapa Nairobi, na kama pH ya alfajiri itaniletea matatizo.

---

FundiSampu

Karibu, kaka. Umefanya la maana kupima matumizi ya siku kwanza. Wengi hununua mashine kisha wanauliza waiweke wapi namba.

Kabla hujagusa riakta, panga kalsiamu. Riakta inayeyusha kokoto, na kokoto zinatoa vitu viwili kwa uwiano usiobadilika: kila dKH 1 inakuja na takriban ppm 7 za kalsiamu. Matumbawe nayo yanakula kwa uwiano huo huo. Kwa hiyo ukianza na kalsiamu 390, utabaki na 390 mwaka mzima huku dKH ikiwa sawa kabisa, na utalaumu mashine bure. Kupandisha ppm 30 kwa lita 450 unahitaji gramu 13.5 za kalsiamu yenyewe, yaani karibu gramu 50 za kloridi ya kalsiamu ile yenye maji ndani yake (dihaidreti). Yeyusha kwenye lita moja ya maji ya RO (yaliyochujwa hadi kuwa safi), gawa kwa siku mbili, mimina polepole penye mkondo mkali. Magnesiamu 1,280 inatosha, iache.

dKH yako iko sawa, lakini siku ikishuka ghafla, gramu 13.5 za bikaboneti ya sodiamu ya kuokea zitapandisha lita 450 kwa dKH 1. Usipite dKH 1 kwa siku. Na tafadhali, bikaboneti si bekingi pauda, wala si magadi ya sokoni. Magadi yanatoka ziwani na hubeba floraidi na vingine visivyo na kazi ndani ya tangi.

Sasa hesabu ya riakta. Unapoteza dKH 1.5 × lita 450 = 675 kwa siku. Tuseme maji yanayotoka riaktani yana dKH 30. Tangi lako lina 8, kwa hiyo kila lita inayotoka inaongeza 22. Gawa 675 kwa 22: unapata lita 30.7 kwa siku, sawa na mililita 21 kwa dakika. Hiyo ndiyo kasi ya kuanzia. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye pampu. Weka silinda ya kupimia ya mililita 250 chini ya mrija, na baada ya dakika tano uone kama 105. Mrija wa ndani wa pampu ya peristaltiki ukichoka, kasi inapungua bila kelele yoyote. Pima kila mwezi, badilisha mrija kabla haujapasuka.

Kokoto zitakazoliwa ni kama gramu 12 kwa siku. Kilo ya kwanza itachukua karibu miezi mitatu. Hapo jazia, usisubiri nusu ya chumba iishe.

Kufunga:

Osha kokoto kwa maji ya RO hadi maji yatoke maangavu. Vumbi likibaki ndani linashikana kama saruji na maji yanajitafutia njia moja ya pembeni, kokoto za katikati hazifikiwi. Chukua saizi kubwa, milimita 5 hadi 10 au zaidi. Za mchanga mchanga zinageuka uji. Jaza hadi sentimita mbili tatu chini ya kifuniko, weka sponji chini na juu, paka gasketi grisi ya silikoni.

Jaza maji ya tangi, washa pampu ya mzunguko peke yake bila gesi, na uiache saa 24 ndani ya beseni kavu. Uvujaji wa tone moja kwa saa hautauona kwenye kabati la sampu, lakini kwenye beseni utauona. Inamisha riakta huku na huku hadi hewa yote itoke.

Pampu ya peristaltiki napendelea ivute kutoka upande wa kutokea. Ikisukuma upande wa kuingilia na mrija wa kutokea ukaziba, shinikizo linapanda mpaka gasketi iachie. Ukiwa na valvu ndogo kwenye mrija wa kutokea, itoe. Chokaa huganda pale pale kwenye tundu jembamba, na kesho kasi si ile ya jana.

Mkondo wa gesi unaenda hivi: silinda, regulata, solenoidi (valvu ya umeme), valvu ya sindano (ya kurekebisha gesi kidogo kidogo), kihesabu viputo, valvu ya kuzuia kurudi, halafu riakta. Hiyo ya mwisho isikose. Gesi ikikata, maji chumvi yanapanda mrija hadi kwenye regulata, na regulata iliyoonja chumvi haina maisha marefu. Mrija wa gesi uwe wa poliyurethani. Wa silikoni unapitisha CO2 kwenye kuta zake kama chujio.

Anza na viputo 15 kwa dakika. Subiri saa 24 nzima. Pima dKH ya maji yanayotoka: sehemu moja ya maji hayo na tatu za RO, kisha zidisha jibu kwa nne, la sivyo utamaliza chupa ya kemikali kwa vipimo vichache. Pima papo hapo, kwa sababu yakisimama CO2 inatoroka na chokaa inaanza kuganda kwenye kikombe. Halafu rekebisha kitu kimoja tu, gesi au kasi ya maji, kamwe si vyote viwili siku moja.

---

GesiNaMaji

Nijaze upande wa silinda, maana hapo ndipo pesa zinapotea.

Usidanganyike na silinda ya kizimamoto iliyotumika, hata ukipewa bure. Ndani yake kuna mrija mrefu unaofika chini, umewekwa makusudi ili itoke gesi ya maji maji. Ukiifunga kwenye regulata ya akwaria, CO2 ya kimiminika inaingia kwenye diaframu, inaganda, inapasua. Ukiuziwa silinda yoyote ambayo haijulikani ilikotoka, uliza kama ina mrija huo, na soma tarehe ya upimaji iliyogongwa shingoni. Wajazaji wa gesi Industrial Area hukataa silinda ambayo muda wake umepita, na wana haki.

Kilo 5 zinakutosha kabisa. Kwa gramu 12 za kokoto kwa siku, kemia inadai gramu 5.3 za CO2. Ongeza ile inayotoka na maji bila kufanya kazi, utafika 8 au 9. Hapo silinda inavuka mwaka. Ikiisha ndani ya miezi mitatu, una uvujaji: paka maji ya sabuni kila kiungo, na anza na washa ya nailoni kati ya silinda na regulata, maana ndiyo inayosahaulika.

Beba silinda unapoenda kununua regulata, au angalau picha ya nyuzi zake na kipimo. Regulata zinazoagizwa Marekani huwa na nati ya CGA 320, na hiyo haishiki kwenye silinda zenye nyuzi za W21.8. Watu wanajaribu kulazimisha na koleo. Nyuzi zikila upande, kuna shinikizo la bar 57 nyuma yake.

Hizo bar 57, za nyuzijoto 20, geji itakuonyesha karibu zile zile iwe silinda imejaa au imebaki robo, kwa kuwa ndani kuna kimiminika. Geji ikianza kushuka ujue kimiminika kimeisha. Kujua kilichobaki, pima kwa mizani. Na pale mwishoni ndipo regulata ya hatua moja inapofanya ujeuri: shinikizo la silinda likishuka, la upande wa kutokea linapanda, viputo 15 vinakuwa 40, na tangi linaamka na pH 7.4. Kama mfuko unaruhusu, nunua ya hatua mbili. Kama hauruhusu, badilisha silinda geji ikifika bar 40, usibane hadi tone la mwisho. Shinikizo la kutokea weka karibu bar 1.

Silinda isimame wima, ifungwe kwa mnyororo au mkanda ukutani, nje ya kabati lililofungwa. CO2 ni nzito kuliko hewa na inakaa chini, kwenye kimo cha mtoto.

(Kwa wapenda udaku: gesi hii hatuagizi ng'ambo. Kereita, kule Lari, inatolewa ardhini ikiwa tayari CO2.)

---

Bahari_Mlimani

FundiSampu, kwenye viputo nakupinga kidogo. Idadi ya viputo ni namba ya kienyeji, haisafiri. Hapa tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Kiputo cha ukubwa ule ule kina gesi pungufu kwa karibu moja ya tano. Anayesoma mwongozo ulioandikwa na mtu wa pwani ya Uingereza akahesabu viputo vile vile, atapata maji dhaifu na kudhani kokoto ni mbovu. Aanze na 15 sawa, ila kinachoamua ni dKH ya maji yanayotoka, si hesabu ya viputo.

Kaka wa Lang'ata, kidhibiti chako cha pH usikifanye dereva. Kuna wanaofungua gesi nyingi na kuacha kidhibiti kiwashe na kuzima solenoidi mara mia kwa siku kati ya 6.5 na 6.7. Koili inachoka, inashika ikiwa wazi, kisha unaitwa nyumbani. Rekebisha valvu ya sindano hadi pH itulie yenyewe kwenye 6.6 bila msaada, halafu kidhibiti kiweke kikate gesi ikishuka 6.4. Kiwe askari wa zamu. Chini ya 6.2 kokoto zinageuka uji na huo uji unaziba sponji.

Kuhusu umeme. Chagua solenoidi inayojifunga umeme ukikatika, na uichomeke soketi moja na pampu ya mzunguko. Pampu ikisimama gesi ikiendelea, CO2 inajikusanya juu ya chumba. Pampu ikirudi inavuta gesi tupu na kulia kama mashine ya kusaga. Umeme ukirudi Nairobi hurudi kwa kishindo, kwa hiyo friji gadi yenye kuchelewesha dakika tatu ni bei ndogo kuliko adapta ya kidhibiti. Kwenye betri usiweke riakta hata kidogo. Weka pampu ya hewa na ya mkondo. Kwa kimo hiki maji yanabeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya usawa wa bahari, na samaki hawatakusubiri saa nyingi. Matumbawe yatavumilia siku nzima bila kalsiamu.

---

Tumbawe_Langata

Asanteni sana. Swali la haraka: kuna mtu ananipa gunia la kokoto za matumbawe kutoka Kilifi, zile za mawe ya kujengea zilizopondwa. Nikizitumia badala ya aragonaiti (chokaa ya aina inayojengwa na matumbawe) ya dukani? Na ile pH ya alfajiri hamjaigusa.

---

Dada_Akropora

Gunia liache huko huko. Mawe ya kujengea ya pwani ni matumbawe ya zamani sana, na mvua ya maelfu ya miaka imegeuza sehemu kubwa ya aragonaiti kuwa kalsaiti. Kalsaiti ni chokaa vile vile, lakini ni ngumu zaidi kuyeyuka. Italazimu ushushe pH hadi karibu 6.2 kupata dKH ambayo aragonaiti inatoa kwenye 6.6. Gesi yote hiyo ya ziada itaishia tangini. Hali ni hiyo kwa mawe ya chokaa yanayoliwa na viwanda vya saruji vya Athi River, tena hayo yana udongo na chuma. Na kama kokoto zimeokotwa ufukweni, hiyo ni kesi nyingine: matumbawe magumu yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), na ndani ya hifadhi kama Watamu na Malindi huokoti hata ganda.

Aragonaiti yoyote utakayonunua, wiki ya kwanza pima fosfeti ya maji yanayotoka na ya tangi siku moja. Yanayotoka yakizidi ya tangi kwa 0.1 au zaidi, mfuko huo una uchafu. Changanya asilimia 10 ya kokoto za dolomaiti (chokaa yenye magnesiamu) ili magnesiamu isishuke, basi.

pH sasa. Kwa kasi ya mililita 21 unamwaga CO2 huru tangini saa zote 24, na tangi linalofika 7.8 alfajiri litafika 7.7 au 7.65. Si kifo, lakini akropora hujenga polepole. Fanya haya kwa mpangilio huu, kwa kuwa la kwanza ni la bure. Fungua dirisha. Nyumba za Nairobi kuanzia Juni hadi Agosti zinafungwa kabisa kwa sababu ya baridi, watu wanne na jiko la gesi ndani, na CO2 ya chumbani inaingia tangini kupitia skima (kichujio cha povu). Mrija wa hewa wa skima upitishe dirishani uvute hewa ya nje. Maji ya riakta yadondoke karibu na mdomo wa skima, yasidondoke kwenye pampu ya kurudishia, ili gesi itolewe kabla ya kufika juu. Kama una sehemu ya mwani kwenye sampu, taa yake iwake usiku.

Ikiwa bado, ongeza chumba cha pili chenye kokoto zisizopata gesi. Maji yenye pH 6.6 yakipita humo yanayeyusha nyingine kidogo, CO2 inatumika, na yanatoka yakiwa karibu 7. La mwisho ni maji ya chokaa usiku kwa kujazia yaliyovukizwa: gramu 1.5 za haidroksaidi ya kalsiamu safi kwa lita ya RO, tone kwa tone, kamwe si chokaa ya kupaka ukuta. Maji hayo yana pH 12, yakimwagika kwa mkupuo unapoteza tangi. Na yakianza kazi, punguza riakta kwa kiasi chake, maana nayo yanaleta dKH.

---

Tumbawe_Langata

Imefungwa. Aragonaiti kilo 4, regulata ya hatua mbili, kasi mililita 22 kwa dakika. Baada ya saa 48: kidhibiti kinasoma 6.6 imetulia, lakini maji yanayotoka yana dKH 15 tu, na tangi limetoka 8.0 hadi 7.0 kwa siku. Kokoto feki?

---

FundiSampu

Usitupe kokoto bado. Fuata hesabu: mililita 22 ni lita 31.7 kwa siku, mara 7 (15 toa 8) ni 222, gawa kwa 450 ni 0.5. Unatumia 1.5, unaongeza 0.5, unapoteza 1. Tangi limeshuka 1. Kwa hiyo kipimo chako cha dKH ni cha kweli na pampu ni ya kweli. Anayedanganya ni 6.6. Aragonaiti kwenye 6.6 halisi haitoi 15. Toa proubu, suuza kwa RO, itumbukize kwenye myeyusho wa 7.00, uniambie inasoma ngapi. Halafu sema ulikalibreti kwa miyeyusho gani.

---

Tumbawe_Langata

Inasoma 6.62. Nilitumia 7 na 10, unga wa pakiti, nikauyeyusha kwa maji ya bomba.

---

FundiSampu

Basi umejijibu. 6.6 yako ni karibu 7.0, ndiyo maana kokoto zimelala. Unga wa pakiti unayeyushwa kwa maji yaliyotoneshwa, ujazo ulioandikwa, si wa kukisia. Na kwa riakta unakalibreti kwa 4 na 7, kwa kuwa namba unayoitafuta iko katikati ya hizo mbili. 10 ni ya wanaopima tangi.

Zima gesi, kalibreti upya, weka kidhibiti kikate kwenye 6.8 leo. Kesho pima dKH ya yanayotoka, halafu shuka hadi 6.7, keshokutwa 6.6. Usiruke moja kwa moja: ikifika 30 na zaidi kwa usiku mmoja wakati tangi liko 7.0, litapanda haraka na ncha za akropora zitaungua. Ile dKH 1 iliyopotea irudishe kwa gramu 13.5 za bikaboneti, nusu leo usiku, nusu kesho. Na kagua kama kuna hewa juu ya chumba. Kichwa cha proubu kikiwa ndani ya gesi badala ya maji, hata kalibreti nzuri itakupa namba ya uongo.